UZI: Kupunguza mzigo wa kulala kwenye theluji, wapi nikate na wapi niache?

Mlandizi_Maine (#1)

Wakuu heshima kwenu. Niko Portland, Maine, na kila kiangazi huwa napanda milima ya White Mountains kule New Hampshire. Safari hii jamaa wa kazini wameniita tukalale kwenye theluji wikiendi ndefu ya Presidents' Day, katikati ya mwezi wa pili. Tunaanzia Lincoln Woods kwenye barabara ya Kancamagus, tunaingia msitu wa Pemigewasset, tunarudi Jumatatu. Hatupandi kilele chochote, tunalala chini kwenye miti. Usiku huko nyuzi 15 chini ya sifuri ni kawaida, ikikaza inafika 20 na kuzidi.

Kiangazi shanta langu lina kilo 7 kabla ya chakula na maji. Sasa nimepanga vitu vya baridi, nikavipima kimoja kimoja kwenye mizani ya jikoni:

Hema la misimu mitatu, kilo 1.4
Begi la kulalia, sintetiki, la nyuzi 18 chini ya sifuri, kilo 1.9
Godoro la kupuliza, gramu 370
Mkeka wa sponji wa kukunja, gramu 410
Shanta lita 75, kilo 2.2
Jiko la gesi, sufuria, kijiko, gramu 600
Nguo za akiba, kilo 3.1
Kiti cha kukunja, gramu 500
Beleshi, gramu 700
Pawabenki, gramu 500
Chupa mbili za plastiki ngumu, gramu 360
Dawa na bandeji, gramu 300
Taa ya kichwani, kisu, ramani na vikorokoro, gramu 800

Jumla kilo 13 na ushee. Weka chakula, gesi na maji, inapita 18. Mgongo wangu siyo wa kijana tena. Bajeti yangu inaruhusu kununua kitu kimoja cha maana, siyo vitano. Shusheni nondo.

TandaleKwaTumbo (#2)

Sisi huku umeme ukikatika feni ikasimama ni msiba. Wewe una nyumba ina hita, unaiacha unaenda kulala kwenye barafu, tena unaomba ushauri ubebe kidogo. Nimekaa paleee nasoma.

Gramu_Moja (#3)

Mkuu Mlandizi, kupima umepima vizuri. Wengi wanakuja humu na "nahisi ni zito" bila namba hata moja.

Angalia hapo kwenye nguo za akiba. Kilo 3.1! Hiyo ndiyo hema na begi la kulalia vikikaribia kujumlishwa. Taja kilichomo.

Mlandizi_Maine (#4)

Sweta mbili za flisi (kile kitambaa laini cha joto), koti la manyoya ya bata, koti lingine la sintetiki, suruali ya flisi, suruali ya jinzi ya kubadilisha kambini, seti mbili za nguo za ndani za joto, soksi jozi nne, glavu jozi tatu, kofia mbili.

Gramu_Moja (#5)

Jinzi toa leo hii, usingoje kesho. Pamba ikilowa haikauki kwenye baridi, na ikiwa imelowa inakunyonya joto badala ya kukutunzia.

Kanuni ninayotumia mimi huku Colorado: nguo zote ulizobeba lazima uweze kuzivaa kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, kila moja ikitosha juu ya mwenzake. Kama una vipande viwili vinavyogombania tabaka moja, kimoja ni abiria. Flisi mbili? Acha moja nyumbani. Koti la manyoya na koti la sintetiki, chagua moja lililo kubwa, lenye kofia, linaloweza kupita juu ya kila kitu hadi koti la kuzuia upepo. Unalivaa mara tu unaposimama, kabla hujaanza kusikia baridi. Ukisubiri utetemeke umechelewa.

Cha kubeba kwa akiba kweli ni seti moja kavu ya nguo za ndani za kulalia, soksi za kulalia ambazo hazitembelewi kamwe, na glavu. Basi. Hapo ukifika kilo 1.6 umefanya vizuri, na hujanunua kitu.

Halafu ukitembea, anza ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukitoka kwenye gari umejifunika vizuri, baada ya robo saa unatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokutesa jioni.

BiKidawa_Oslo (#6)

Assalaam alaykum jamaa. Gramu_Moja amesema kweli kuhusu nguo. Ila naona kila mtu anahesabu mzigo wa mchana, na mimi nataka kuzungumzia usiku.

Mlandizi, katikati ya mwezi wa pili jua hapo kwenu linazama saa kumi na moja na robo hivi jioni, linachomoza saa kumi na mbili na nusu imeshapita. Ni giza la zaidi ya saa kumi na tatu. Kiangazi hema ni mahali pa kusinzia kidogo ukaendelea na safari. Wakati wa baridi unakaa ndani ya begi la kulalia muda mrefu kuliko unaotembea. Kwa hiyo mimi nakata mchana, usiku siugusi.

Jambo la pili ni lebo ya begi lako. Hizo "nyuzi 18 chini ya sifuri" ni kiwango gani? Begi lililopimwa kwa kipimo cha ISO 23537 huwa na namba tatu: ya starehe, ya ukomo, na ya hatari. Ya starehe inakadiriwa kwa mwanamke wa kawaida aliyelala ametulia, ya ukomo kwa mwanamume aliyejikunja. Ya hatari maana yake ni kunusurika tu, tena mwili unaweza kupoa hadi ukadhurika, na usiku huo hutausahau. Wauzaji wengi wanaandika ile ya ukomo kwa herufi kubwa. Kama 18 yako ni ya ukomo, starehe yako iko juu zaidi kwa nyuzi kadhaa. Nenda kaangalie lebo ya ndani.

Mlandizi_Maine (#7)

Shukrani Bi Kidawa. Nimeangalia: ukomo 18, starehe 11 chini ya sifuri. Kumbe. Na godoro je? La kupuliza limeandikwa R 4.5, sponji R 2.0.

BiKidawa_Oslo (#8)

Hiyo R ni uwezo wa kuzuia joto lisipotelee ardhini, na raha yake ni kwamba ukiweka moja juu ya jingine zinajumlishwa. Wewe una 6.5. Kulala juu ya theluji watu wengi wanataka kuanzia 5 kwenda juu, kwa hiyo uko salama. Tangu 2020 viwanda vikubwa vinatumia kipimo kimoja cha ASTM, kwa hiyo namba za godoro jipya unaweza kuzilinganisha. La zamani usiliamini sana.

Watu wanalaumu begi la kulalia wakati tatizo liko chini. Manyoya uliyoyalalia yamebanwa na uzito wako, hayana hewa tena, hayafanyi kazi. Chini yako una godoro tu.

Gramu_Moja (#9)

Hapo nina pendekezo. Godoro 370 na sponji 410 ni gramu 780. Godoro la kupuliza la NeoAir XTherm NXT ni R 7.3 kwa gramu 440 hivi. Unapata joto zaidi na unapunguza zaidi ya gramu 300. Hicho ndicho kitu kimoja cha kununua.

BiKidawa_Oslo (#10)

Gramu, mwanangu, na likitoboka saa nane usiku? Kijiti kimoja cha msonobari kimepenya chini ya theluji, au valvu imepata barafu haifungi. Unabaki na kitambaa cha nailoni juu ya theluji. Gundi nayo haishiki kwenye baridi hiyo.

Sponji halitoboki. Unalikalia ukipika, unasimama juu yake ukivua buti, unalitia chini ya mgonjwa mkingoja msaada. Kwenye theluji mimi natembea na sponji sikuzote.

Gramu_Moja (#11)

Sawa mama, basi sponji nusu. Linakatwa kwa mkasi, kuanzia mabegani hadi mapajani, gramu 250. Miguu inalala juu ya shanta tupu. Hapo tukubaliane.

BiKidawa_Oslo (#12)

Hapo tumekubaliana. Na la kupuliza asilipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, unaganda ndani ya godoro. Atumie lile fuko la kupulizia.

Njoro_Calgary (#13)

Mambo ya jiko niachieni mimi. Mlandizi, jiko lako ni la aina gani? Lile linalokaa juu ya mtungi?

Mlandizi_Maine (#14)

Ndiyo kaka, lile dogo la kuzungushia juu ya mtungi. Gramu 75 tu.

Njoro_Calgary (#15)

Basi sikiliza bwana. Gesi ya kwenye hiyo mitungi ni mchanganyiko. Butani ya kawaida inaacha kugeuka mvuke ikikaribia sifuri. Isobutani inafika kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Propani inakwenda hadi 42 chini, lakini haiwezi kujazwa peke yake kwenye mtungi mwembamba kwa sababu ya presha, kwa hiyo wanaichanganya kidogo, mara nyingi asilimia 20.

Sasa jiko la kukaa juu linavuta mvuke tu. Propani ndiyo inayotoka haraka mwanzoni, moto unakuwa mzuri, unajisifu. Kadiri mtungi unavyopungua inabaki isobutani, na jinsi gesi inavyogeuka mvuke mtungi wenyewe unazidi kupoa. Asubuhi ya pili kwenye nyuzi 18 chini una mtungi nusu unaotikisika kabisa, lakini jiko linatoa mwali wa mshumaa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni jiko la gesi la mpira mrefu, lenye kibomba kinachopita katikati ya moto. Unapindua mtungi kichwa chini, gesi inatoka ikiwa kimiminika na kugeuka mvuke kwenye kile kibomba chenye moto. Mchanganyiko unatoka wote kwa pamoja, propani haitangulii. La aina ya WindPro ni gramu 190 hivi. Hilo linakufikisha nyuzi 20 chini bila kelele. Njia ya pili ni jiko la petroli nyeupe, ile iliyosafishwa isiyo na rangi. Jiko, pampu na chupa yake, kadiria gramu 450. Unalisukuma presha kwa mkono, baridi haina neno nalo. Mimi huku Kananaskis nikijua usiku utapita 25 chini nabeba hilo bila kujadiliana na mtu.

Kabla hujauliza, kumbuka huko maji unayatengeneza. Vijito vimefunikwa. Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyofika sifuri kunakula kilojuli 334. Nishati hiyo hiyo ingepasha lita moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Yaani umeshatumia gesi ya karibu kuchemsha, na bado una maji baridi. Mtu mmoja anahitaji lita nne au tano kwa siku, kunywa na kupika. Hesabu mafuta mara mbili ya yale ya kiangazi, ukipunguza hapo utalala na kiu.

Na usijaze sufuria theluji kavu ukawasha. Acha maji kidogo chini, kiasi cha kikombe, ndipo uongeze theluji polepole. Bila hivyo sufuria inaungua na maji yananuka moshi.

Mgumu_Barafu (#16)

Nasoma kimya muda mrefu, mimi ni wa Moshi, kazi yangu mlimani. Naomba kupinga kidogo. Gesi tunapikia hadi Crater Camp, mita 5,700, na baridi ya kule asubuhi hata maji ya ndoo yanakuwa jiwe. Jiko linawaka. Kuni KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya Kilimanjaro, hawaruhusu, kwa hiyo gesi ndiyo maisha yetu. Hii habari ya gesi kugoma mbona haitukuti hivyo?

Njoro_Calgary (#17)

Swali zuri kaka. Kule juu presha ya hewa ni kama nusu ya pwani, kwa hiyo gesi inageuka mvuke kwenye joto la chini zaidi kuliko hapa chini. Mwinuko unawasaidia. Maji yenu yenyewe yanachemka kama kwenye nyuzi 81, siyo 100, ni jambo lile lile. Na mitungi yenu ni mikubwa, haipoi haraka. Lincoln Woods iko chini, mita 350 hivi. Baridi ile ile, lakini mwinuko haupo wa kukuokoa.

Mgumu_Barafu (#18)

Hapo umenielewesha, madini haya.

Basi niongeze ya kwangu. Moja, msiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa. Kwetu kila mwaka tunasikia watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wakalala hawakuamka. Gesi na petroli ni mambo yale yale, kaboni monoksidi haina harufu. Kwenye theluji ni mbaya zaidi, maana theluji inaziba chini ya hema hewa isipite. Pikia nje au mlangoni pamefunguliwa juu na chini.

Mbili, hizo chupa mbili ulizoandika usizikate. Maji ya mwisho ya jioni chemsha, jaza chupa moja, funga kifuniko kwa nguvu, igeuze uone haivuji, ivalishe soksi, iweke mapajani ndani ya begi. Sisi wageni tunawapa hivyo Barafu Camp wakisubiri kuamshwa usiku wa kileleni. Kinyume chake ni yule anayekuja na mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonya. Mpira unaganda saa moja tu baada ya kutoka kambini, anabeba lita mbili asizoweza kunywa. Beba chupa ya kawaida, nayo shantani ikae kichwa chini. Barafu huanza kujitengeneza juu, kwa hiyo juu ndiko kuwe chini ya chupa, kifuniko kinabaki kinafunguka.

Tatu, soksi zilizolowa jasho hazikauki hewani. Zibandike tumboni juu ya nguo ya ndani, ulale nazo. Asubuhi zina uvuguvugu. Buti nazo, zile za ndani zinazotoka, ziingize kwenye begi la kulalia.

TandaleKwaTumbo (#19)

Soksi tumboni, mkuu? Halafu na chupa mapajani. Hii ndoa ya nani?

Gramu_Moja (#20)

Subiri umsikie anayebeba chupa ya pili kwa ajili ya haja ndogo, asitoke nje usiku. Chupa hiyo iwe na alama unayoweza kuitambua gizani kwa kidole. Sifafanui.

Turudi kwenye begi la kulalia, maana Bi Kidawa amegusa lebo lakini kuna unyevu. Mwili unatoa mvuke usiku kucha. Kwenye baridi kali mvuke huo haufiki nje, unaganda ndani ya manyoya, unene unapungua na uzito unaongezeka. Usiku mmoja huoni. Safari ya wiki, begi zuri la manyoya linaanza kusinyaa. Ndiyo maana wanaokwenda muda mrefu hulala ndani ya mfuko wa nailoni isiyopitisha mvuke, gramu 150 hivi. Unanuka, lakini manyoya yanabaki makavu.

Kwa wikiendi yako huhitaji hilo, na begi lako ni sintetiki, halijali sana. Ila starehe ya nyuzi 11 chini haitoshi. Kabla hujanunua begi la dola mia sita: una kile kifuniko cha kiangazi unachojifunikia?

Mlandizi_Maine (#21)

Ninacho, cha sintetiki, cha nyuzi 7 juu ya sifuri. Gramu 550.

Gramu_Moja (#22)

Kiweke juu ya begi, kikae kilegevu kisibane. Kinakuongezea nyuzi kadhaa, na barafu ya mvuke inajitengeneza kwenye kifuniko cha nje badala ya kwenye begi. Asubuhi unakikung'uta. Koti la manyoya lala nalo ukihitaji, lisiwe linabana. Na usifunike pua na mdomo ndani ya begi hata baridi ikichoma, pumzi yako ndiyo maji mengi kuliko yote.

Mlandizi_Maine (#23)

Nimeelewa. Hema je? Jamaa mmoja anasema la misimu mitatu ni kujiua, ninunue la misimu minne la kilo tatu.

Njoro_Calgary (#24)

Inategemea unalisimamisha wapi. Juu ya mstari wa miti, kule ambako miti haioti tena, kwenye milima hiyo yenu mimi singekwenda na la misimu mitatu, tena pengine singekwenda kabisa. Mount Washington hapo jirani walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa mwaka 1934, na Februari 2023 baridi ya upepo, yaani jinsi mwili unavyoisikia upepo ukivuma, ilifika nyuzi 78 chini ya sifuri. Mlima wenyewe haufiki hata mita 2,000! Lakini ndani ya msitu, kwenye miti minene, unapambana na theluji inayodondoka tu, na la misimu mitatu linakubali ukiamka kulikung'uta.

Kinachowaangusha watu ni vigingi. Vile vyembamba vya kiangazi havishiki theluji. Acha vyote nyumbani. Chukua vifuko vyepesi vya nailoni au hata mifuko ya plastiki imara, jaza theluji, funga kamba, zika kina cha mkono hadi kiwiko, kanyaga juu. Au tumia kijiti kilichoanguka, kilaze mlalo, kamba katikati. Ukishakanyaga, theluji inaanza kushikana yenyewe, baada ya nusu saa unahitaji beleshi kukitoa. Kamba usiifunge fundo kwenye kijiti, ipitishe tu irudi juu, asubuhi unavuta upande mmoja inatoka.

Kabla ya hema, kanyaga eneo lote ukiwa na viatu vipana vya theluji, liache ligande kidogo. Ukiruka hatua hiyo utalala kwenye shimo lenye umbo la makalio yako, na asubuhi limekuwa barafu.

Na kama njia ni tambarare, buruta. Nasikia kilomita 4 na kitu za mwanzo hapo Lincoln Woods ni tuta la reli ya zamani ya magogo. Sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, ya plastiki ya watoto na kamba, mzigo wa chakula na mafuta unateleza wenyewe.

Gramu_Moja (#25)

Sleji ni nzuri mpaka njia ianze kupinda na kupanda. Halafu unabeba sleji.

BiKidawa_Oslo (#26)

Chakula hakuna aliyetaja, wanaume nyie.

Mafuta yana kalori 9 kwa gramu, wanga 4. Ukitaka chakula chepesi, ongeza mafuta: karanga, korosho, siagi ya karanga, nazi iliyokaushwa. Siagi kipande kwenye uji wa asubuhi. Mimi natengeneza kashata za karanga nyumbani, nakata vipande vidogo kabla hazijakauka, maana kule zinakuwa mawe na meno ni ghali hapa Norwei. Zina sukari na mafuta, hazina maji ya kuganda. Natia mifuko ya koti, nakula nikitembea. Chokoleti za viwandani zenye karameli zinakuwa chuma. Jibini vivyo hivyo, ikate vipande nyumbani.

Na kabla ya kulala kula kitu chenye mafuta. Ukiamka saa tisa unasikia baridi, usilale ukihesabu. Kula kashata mbili, kunywa maji ya uvuguvugu, kaza tumbo mara kadhaa humo humo ndani ya begi.

Mgumu_Barafu (#27)

Swali langu kwa Gramu. Hii ya kupunguza inaishia wapi? Sisi mpagazi mwisho kilo 20, zinapimwa getini, na mgeni anatembea na kibegi cha maji na koti. Mzigo wote upo, ila mgongo siyo wake. Ninyi mnajibebea, naelewa. Lakini naona mtu akikata mpini wa mswaki, kesho atakata na beleshi.

Gramu_Moja (#28)

Beleshi sikati. Nikiwa huku Colorado kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, nyuzi za pembe siyo za joto, natembea na kisambaza mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji, fimbo ya kutafutia na beleshi, na wenzangu wote vile vile. Poromoko likimfunika mtu, mikono haichimbi theluji hiyo, inashikana kama zege. Msitu wa Pemigewasset mnakokwenda ni bondeni, hatari hiyo ni ndogo, lakini beleshi linachimba jiko, linachimba choo, linazika vigingi. Ninachosema mimi, lisiwe la bustani. Gramu 700 ni kubwa, la aluminiamu linalotengana ni 500 hivi. La plastiki nalo usichukue, likivunjika ndipo tutazungumza.

Kilichobaki kwake ni shanta la kilo 2.2 na pawabenki.

Njoro_Calgary (#29)

Pawabenki nusu kilo ya nini? Simu ikae kifuani, ndani ya koti, izimwe. Betri ya simu haijafa kwenye baridi, imelala, ukiipasha moto inaamka. Taa ya kichwani tia betri za lithiamu zisizochajiwa, zile za AA au AAA. Zinafanya kazi hadi nyuzi 40 chini na ni nyepesi kuliko za alkali.

BiKidawa_Oslo (#30)

Na mtu aachiwe ratiba na njia mnayopita, na saa ambayo akiwa hajasikia neno apige simu. Norwei kuna kanuni tisa za mlimani ambazo kila mtoto anazijua, ya nane inasema geuza mapema, hakuna aibu kurudi.

Mlandizi_Maine (#31)

Huku New Hampshire aibu inakuja na ankara. Jimbo linaweza kumdai gharama za uokoaji aliyekwenda kizembe. Kuna kadi yao ya Hike Safe, dola 25 kwa mwaka, ukiwa nayo hawakudai gharama hizo hata kama ulizembea. Nimeshainunua.

Wakuu, orodha mpya hii. Jinzi, flisi moja, koti la sintetiki, soksi na glavu za ziada vimetoka, nguo za akiba sasa kilo 1.6. Kiti kimetoka. Pawabenki ndogo, gramu 200. Shanta nimeazima la lita 65 la kilo 1.4. Sponji nimelikata, gramu 250. Beleshi la aluminiamu, gramu 500, nalo la kuazima. Nimeongeza kifuniko cha gramu 550. Kitu cha kununua nimechagua jiko la mpira mrefu la kupindua mtungi, limeongeza gramu 115, na mwenzangu mmoja anakuja na la petroli, tukiona utabiri unasema chini ya 20 tunabeba lake. Jumla kilo 10.35 hivi. Usiku uko vile vile, tena una joto zaidi.

Godoro la R 7.3 ngoja mwaka ujao, Gramu.

Gramu_Moja (#32)

Nakazia. Mwaka ujao tunashuka 9. Viatu vyako vya theluji vina uzito gani? Hujaviweka kwenye orodha.

Mlandizi_Maine (#33)

Kilo 1.9 jozi. Nimeona vya miguuni havihesabiwi.

Gramu_Moja (#34)

Mgongo ndio hauvihesabu, mapaja yanavihesabu kila hatua. Kama njia imeshakanyagwa na watu ikagandamana, tembea na njumu za kuvisha juu ya buti, gramu 400, vile vipana vining'inie kwenye sleji ya Njoro. Vivae tu theluji ikianza kukumeza mguu. Usitoboe njia kwa mashimo, wanaokuja nyuma watakulaani.

Njoro_Calgary (#35)

La mwisho kabla sijaingia kazini. Kiberiti cha gesi kile cha kubonyeza kinagoma kwenye baridi, butani ile ile tuliyozungumza. Kilaze mfukoni karibu na mwili, na ubebe njiti za kiberiti kwenye kichupa kisichoingia maji. Lile jiko liwashe mara kadhaa uani kwako kabla ya safari, ukiwa umevaa glavu. Kupindua mtungi unangoja moto ushike vizuri kwanza, kama dakika moja, kibomba kiwe kimepata joto. Ukipindua mapema linarusha moto wa njano mkubwa.

Mlandizi_Maine (#36)

Pamoja sana kaka. Leo usiku kuna nyuzi 9 chini hapa, najaribia barazani.